Ng'ombe Kumi na Wawili wa Mzee Waswa

Tangu azikwe mkewe Rosa, Mzee Waswa hakutulia. Akiketi, anainuka. Akiinuka, hajui aendako. Pale sokoni Kibuye, alipogonga mabati na kuunda majiko miaka thelathini na minne, wenzake walishamzoea: nyundo inalia mara tatu, kimya, kisha wanamwona barabarani, macho upande wanakouza dagaa wa omena. Rosa aliuza pale.

Sasa lilikuwepo jambo jingine la kumtoa kitini. Binti yao wa mwisho, Nabututu, alikuwa ameitwa chuo kikuu kusomea uuguzi. Rosa kabla ya kufunga macho aliomba kimoja tu: mtoto aende. Waswa alimshika mkono. Kwake hiyo ilikuwa ahadi.

Maombi ya msaada wa serikali waliyajaza mtaani Kondele, kwenye duka la kompyuta la Wangui. Huyo mama alimweleza mzee polepole, maana Waswa hakuwahi kukalia dawati. Kuna ufadhili, huo haurudishwi. Kuna mkopo, huo Nabututu ataulipa akianza kazi. Na kuna fungu la nyumbani, hilo ni la mzazi. Nyumba ikionekana haina kitu, ufadhili unakua na fungu la mzazi linapungua. Basari ya eneo bunge nayo ipo, Wangui akasema, lakini ile ni chumvi, si mboga.

Nabututu alikuwa ametoka kwenda kupigwa picha ndogo za fomu. Wangui akaendelea na maswali, akafika kwa mifugo.

"Ng'ombe kumi na wawili," Waswa akajibu bila kupepesa macho.

Majibu yalipokuja, Nabututu aliwekwa bendi ya tano, ya wenye nafasi. Fungu la mzazi lilikuwa kubwa kuliko majiko ya mwaka mzima. Msichana akasoma simu, akaisoma tena.

"Baba, ng'ombe kumi na wawili wako wapi?"

"Awasi."

Hakudanganya. Walikuwa Awasi, kwa Obonyo, aliyemwoa Sylvia, dada mkubwa wa Nabututu. Mahari walipatana kumi na watatu. Mmoja aliletwa, akachinjwa kwenye mazishi ya Rosa. Waliobaki walikuwa bado maneno. Lakini kwa watu wa kwao Waswa, ng'ombe aliyetajwa mbele ya wazee ni wako, hata kama hujawahi kuuona mkia wake. Rosa mwenyewe alikuwa akiwagawa kila jioni: huyu wa maziwa, huyu wa karo. Kumkana hata mmoja ni kutangaza kwamba binti yako alitoka bure.

Siku za kukata rufaa zilikuwa kumi. Saba zikaisha Waswa akizunguka mji. Mara mbili alifika yalipo magari ya Awasi, akiwa na nia ya kwenda kudai hata wawili wauzwe. Mara mbili akageuza. Mwanamume aliyefiwa haingii boma la wakwe kabla wazee hawajamwogesha msiba, na wazee wa kwao walikuwa wamesema ni Desemba. Chuo kinafungua Agosti.

Siku ya nane alikwenda mwenyewe kwa naibu wa chifu, akarudi na barua kwamba mzee huyu hana hata kuku. Wangui akaifungua rufaa, Nabututu pembeni.

"Mzee, hapa kwa ng'ombe naweka sifuri."

"Andika hawajafika."

"Hakuna mahali pa kuandika hivyo, mzee wangu. Ni wapo ama hawapo."

Waswa akatoka mpaka mlangoni, akarudi. Akamwambia Nabututu ampigie dada yake. Simu ikawekwa sauti ya nje, mzee akaishika kwa mikono miwili.

"Sylvia. Hawa wanataka niseme ng'ombe wako hawapo. Nikasema nikuulize kwanza."

Upande wa pili mtoto alikuwa akilia, akanyamazishwa.

"Baba, kwani wapo?"

Waswa akageuza macho barabarani.

"Sema hawapo," Sylvia akasema. "Mimi sitapungua kilo. Huyo mtoto aende shule. Na huyu mume wangu nitamwambia leo leo amehesabiwa sifuri na serikali, labda atashtuka."

Nabututu alicheka, akaziba mdomo. Mzee akarudisha simu, akamgeukia Wangui.

"Weka sifuri."

Wangui akabonyeza.

Jibu lilichukua wiki tatu, na katika hizo Waswa alivunja majiko mawili kwa kugonga kupita kiasi. Kisha likaja: bendi ya pili. Fungu la mzazi sasa lilikuwa dogo, la kulipika kwa majiko na basari. Nabututu akamsomea yote, mstari kwa mstari, na mzee akauliza tena juu ya ule mkopo, nani hasa ataulipa.

"Mimi, Baba. Nikipata kazi."

Mzee akainuka.

"Sawa. Lakini wewe ukiolewa, ng'ombe wako," akasema, "nataka niwaone wakiingia kwa miguu yao."