Sahihi ya Mpimaji wa Salale

Watu husema kuanzisha jambo ndiko kugumu. Hawajajaribu kufunga. Kundi letu la kujitolea lilikuwa limekaa miaka miwili bila kufanya lolote, na bado likaendelea kuniandama kwa barua, fomu na safari. Mimi nilikuwa katibu. Cheo hicho nilikipata kwa sababu nilifundisha fizikia Kibiti na shule yetu ilikuwa na kompyuta.

Tulikuwa watano. Kazi yetu ilikuwa programu ya kukokotoa maji ya delta: lini yatajaa, lini yatakupwa, na chumvi itapanda mpaka wapi, ili mkulima wa mpunga ajue siku ya kuziba tuta lake. Programu hiyo ilikuwa huria. Aliyeitaka aliichukua, akaisoma mpaka ndani, akairekebisha apendavyo. Aliyeiandika alikuwa mhadhiri mmoja wa hisabati wa Dar es Salaam. Mimi niliingiza vipimo na kumpelekea disketi kwa basi. Vipimo vilitoka Salale, kwenye nguzo yenye alama tuliyoisimika ukingoni mwa mto. Mwanzo ilisomwa na karani wa misitu. Ilikuwa miaka ile ya kupunguza watu serikalini, karani naye akapunguzwa, na mahali pake akajitolea mama mmoja mkulima wa mpunga, mtu mzima, mwenye mwandiko safi kuliko wangu.

Miezi michache baadaye programu ikaharibika. Ilitangaza maji yamekupwa wakati watu wa Salale wanafunga mitumbwi milangoni. Mhadhiri akaipitia mstari kwa mstari, hakuona kosa, akaamua kosa liko kwa mpimaji: mama hapimi, anakisia. Hatukubishana naye, alikuwa msomi kuliko sisi. Nikaandika barua ya kumshukuru mama na kumsimamisha, nikatia humo maneno "vipimo visivyoaminika". Kwa kuwa barua kule hupitia kwa mwenyekiti wa kijiji, ikasomwa barazani mbele ya watu. Wakamtania, wakamwita Mama Kadiria. Bila vipimo, kundi nalo likanyamaza. Wawili wetu walipata kazi kwenye kampuni za simu zilizokuwa zikifunguliwa, na kwa simu zao hizo hawakunipigia hata siku moja.

Ndipo mhadhiri akaniandikia tufunge rasmi. Ofisi iliyotusajili ilitaka sahihi ya kila aliyekuwa kwenye orodha, na mama wa Salale hatukuwahi kumfuta. Nikaanza kufungasha makaratasi. Adhuhuri moja nilishika daftari lake nikawa nasoma tu, kama mtu aliyechoka anavyosoma chochote ili asifanye kazi. Pembeni mwa kipimo kimoja aliandika: "Saa 9. Jua kali, tope linaunguza miguu." Juu yake: "Saa 1. Watoto wanakwenda shule."

Nilirudia kusoma mara tatu. Karani alikuwa akiandika saa za kiofisi, zinazohesabiwa kuanzia usiku wa manane: saba na kumi na tano. Mama aliandika saa tunazoishi nazo sote, saa moja asubuhi na saa tisa alasiri. Mimi nikazichapa vilevile, moja na tisa, na kompyuta ikaelewa saa saba usiku na saa tatu asubuhi. Saa sita nzima zilipotea, na kwa maji ya pwani, saa sita ndizo zinazotenganisha kujaa na kupwa. Wasomi watupu, na hakuna aliyejiuliza mwanamke mzima atafuata nini mtoni saa saba ya usiku.

Niliongeza saa sita kwenye vipimo vya mwezi mmoja. Programu ikatulia. Niliona aibu, aibu ya kutoka jasho shingoni. Nikamwandikia mhadhiri, akajibu kwa mistari miwili: pole kwa uchovu, lakini kundi halipo tena, kusanya sahihi.

Nikapanda gari mpaka Nyamisati, kisha boti hadi Salale. Njia nzima nilitafuta namna ya kusema bila kusema sana. Nilimkuta mama shambani, anapalilia.

"Shikamoo, mama."

"Marahaba, mwalimu. Umepotea."

Nikamweleza yote. Alisikiliza mpaka mwisho, akafuta mikono kwenye kanga.

"Maneno mazuri hayo," alisema. "Lakini mbona waniambia miye peke yangu? Ile yenu ya mwanzo ilisomwa barazani. Na hii ikasomwe palepale."

Nilitaka kuwahi boti. Nikasema nitamwachia mwenyekiti barua.

"Hapana, baba. Uliyeandika wewe, usome wewe."

Ilibidi nikae mpaka Ijumaa, watu walipotoka msikitini. Nikasoma kwamba mama alipima sawasawa kila siku, na aliyekosea ni katibu, yaani mimi. Mzee mmoja akauliza kama mwalimu wa fizikia hajui kusoma saa. Watu wakacheka, na haki yao. Mwenyekiti akamwambia mama ameshasafishwa.

Mama hakucheka. Alisubiri watu watawanyike.

"Sasa zile hesabu zangu zitaingia kwenye mashine?"

"Hazitaingia, mama. Hakuna wa kuendeleza. Tunafunga." Nikamwonyesha karatasi na pahala pa sahihi yake.

Aliisoma yote, polepole, kisha akaomba kalamu.

"Tangu barua ile niliacha kuitazama nguzo," alisema. "Nilisema macho yangu ndiyo mabovu. Mwaka jana chumvi iliingia shambani kwangu, siku ambayo ningeiona inakuja. Leo ndiyo waniambia nilikuwa naona."

Akaweka sahihi, akanirudishia kalamu, akashika njia ya shambani. Karatasi niliifikisha Kibiti ikiwa imekamilika. Ofisini waliipokea bila swali hata moja.