Tisa, Halafu Mbili

Nina hedifoni kumi na nne, na kwa miaka mingi nilikuwa mtu wa kuchosha kwa sababu yazo. Ukija kwangu mtaani Skuta, Nyeri, kabla hata hujapewa chai, ungevishwa moja na kuulizwa unasikia nini. Ukijibu kwamba unasikia muziki, basi ulishuka cheo palepale. Nilizitundika sebuleni kwa misumari, kila moja na mahali pake, na mke wangu alikuwa akiwaambia wageni kwamba yeye aliolewa na duka.

Siombi radhi. Hedifoni hazifanani, na anayesema zinafanana hajakaa kimya akazisikiliza. Nilikuwa na nyeusi moja nzito inayofunga sikio lote. Besi yake ilikuwa ya kujaa, ngoma ikipigwa unaisikia kifuani, lakini waimbaji wote walikuwa kama wamejifunika blanketi. Nilikuwa na nyingine ya zamani, yenye matundu mgongoni, niliyoipata kwenye mitumba ya Karatina sponji zake zikiwa zimeoza. Hiyo haikuwa na besi ya maana. Lakini ukiivaa, kuta za chumba zilisogea nyuma, ukajua mpiga gitaa ameketi upande gani na kama kiti chake kinalia. Hiyo ndiyo niliyoipenda kuliko zote, na nilikuwa simruhusu mtu aishike akiwa amekula chapati.

Kila mtu mwenye ugonjwa huu wetu ana kitu chake cha kupimia. Wengine wana wimbo, wengine wana kwaya. Mimi nina rekodi ya dakika mbili niliyoifanya kwa simu jikoni kwa mama, Othaya, miezi michache kabla baba hajafariki. Mvua inapiga mabati. Baba anakoroga chai. Kisha anatua kikombe, na mama anaanza kumlalamikia mbuzi wa jirani mpaka rekodi inakwisha. Baba hasemi neno hata moja.

Alikuwa hasikii vizuri, baba. Alifanya kazi miaka mingi karibu na mashine ya kumenya kahawa kiwandani, na sisi sote tulisema mashine ile ndiyo iliyomla masikio. Mwishoni alipewa kifaa cha kusikia ambacho mama alikichukia kabisa. "Kitu chako kinalia kama panya," alikuwa akimwambia, na baba anatabasamu tu. Mimi sikuwahi kukisikia kikilia hata siku moja. Nilidhani mama anamchokoza mzee wake, kama kawaida yake.

Kilichofanya rekodi ile kuwa kipimo ni kijiko. Kikombe cha baba kilikuwa cha bati, na kijiko kilipogusa ukingo kilitoa mlio mwembamba, safi. Kwenye ile hedifoni nyeusi kilikuwa kama kijiko cha mbao. Kwenye ile ya matundu kilikuwa kijiko hasa, na ungeweza kuhesabu mizunguko. Alizungusha mara tisa, halafu akakigonga ukingoni mara mbili kukausha matone. Nilimhesabu baba yangu hivyo kila nilipomkumbuka. Hicho ndicho nilichobaki nacho chake, kijiko.

Binti yetu, aliye darasa la nne, nilimfundisha mapema. Alikuwa na hedifoni yake ya waridi, iliyotundikwa kwenye msumari wa chini anaoufikia. Wageni wakija ningemvisha, ningebonyeza rekodi, naye angefunga macho na kuinua kidole kama mhubiri. "Tisa, halafu mbili!" Wageni wanapiga makofi. Nami nasema kwa kiburi kwamba huyu ana masikio yangu.

Mwaka juzi kijiko kilianza kupotea.

Kilipotea kwanza kwenye ile nyeusi, na sikushangaa, maana ile haikuwa kitu. Nikabadilisha sponji. Kisha kikafifia kwenye ile ya matundu, na hapo nilikasirika. Nilibadilisha waya. Niliifungua kwa bisibisi ndogo na kupuliza vumbi. Nililaumu ukungu wetu wa Julai, ule unaoshuka kutoka mlimani na kukaa Nyeri wiki nzima, nikasema umeingia unyevu ndani. Mwishowe nikanunua nyingine, ya fedha, yenye sauti kali za juu, na kijiko kikarudi. Baada ya miezi kadhaa kikafifia tena, nikatafuta iliyo kali zaidi. Mtu wa kawaida akiacha kusikia kitu huenda hospitali. Sisi hununua hedifoni.

Nyumbani nako nilikuwa mkali. Binti yangu nilimwita mara tatu ndipo ageuke. Mwalimu wake aliandika kwenye daftari kwamba hasikilizi, akasogezwa dawati la mbele. Nilimkemea vibaya. "Kwani hayo masikio ni ya mapambo?" nilimwuliza, na si mara moja.

Sasa, sisi wapenzi wa hedifoni tuna kikundi chetu kidogo, watu watano au sita. Tunakutana Jumamosi moja kila mwezi katika duka la vifaa vya umeme mjini, duka lililofunguliwa na babu ya yule mzee Mhindi anayeliendesha sasa. Akishamaliza wateja wa mchana anashusha mlango nusu na kutuwekea viti. Tuna desturi yetu: unakaa ukiipa meza mgongo, mtu anakuvisha hedifoni usiyoiona, nawe unaandika kwenye karatasi unachosikia. Hapo hakuna kudanganywa na sura wala bei.

Jumamosi hiyo nilipeleka ile mpya kabisa. Nilikuwa nimewaambia kwenye simu kwamba ni tulivu, tamu, ya kumpa mgonjwa. Mzee wa duka akavishwa. Hakumaliza hata sekunde kumi, akaivua kama iliyomuuma.

"Ngai! Hii kitu inakata masikio," akasema. "Wewe bwana, hii ndio unaita tulivu? Unataka kutuua?"

Wakacheka sana. Mwenzetu mmoja kutoka Mweiga akaijaribu, naye akakunja uso. Nilicheka pia, lakini nilihisi joto limepanda shingoni. Nikawaambia shida si hiyo, shida ni ile yangu ya matundu iliyokufa, na nikaitoa kwenye mfuko ili waone jinsi sauti za juu zilivyokwisha.

Mzee akaivaa, akabonyeza rekodi ya baba. Akafumba macho. Mkono wake ukaanza kuzunguka hewani polepole, kana kwamba anakoroga chai yeye mwenyewe. Nilihesabu mizunguko ya mkono wake. Ilikuwa tisa. Kisha akagonga hewa mara mbili.



"Hii haijakufa," akasema. "Hii ni poa kabisa. Lakini panya nayo ni ya nini?"

"Panya gani, mzee?"

"Iko panya hapa ndani. Inalia iii, nyembamba, halafu inanyamaza. Halafu tena. Ati hujawahi iskia?"

Nilimpokonya hedifoni, nakiri, bila adabu. Nikasikiliza tangu mwanzo. Mvua. Mvua. Sauti ya kikombe kikituliwa mezani. Mama na mbuzi wa jirani. Nikamwuliza panya analia wapi, akasema mwanzo hadi mwisho. Yule wa Mweiga akasikiliza, akatikisa kichwa kukubali, na safari hii hakucheka.

Nilirudi nyumbani kwa miguu ili nifikirie. Rekodi ile ilikuwa na miaka sita. Siku niliyoifanya nilikuwa nimeketi hatua moja kutoka kwa baba, na kifaa chake kilikuwa kikilia sikioni mwake, na mama alikuwa anasema kweli. Mimi niliyejiona nina masikio bora Nyeri nzima sikuwahi kukisikia. Hii haikuanza mwaka juzi. Kuna kitu kilikuwa kimeingia nyumbani kwangu zamani, kikawa kinachukua kidogo kidogo kuanzia juu, na mimi nilikuwa nimesimama mlangoni nikilaumu waya. Niliogopa. Sijawahi kuogopa kitu hivyo mchana kweupe.

Wiki iliyofuata nilienda kupimwa hospitalini. Waliniingiza kwenye kichumba chenye kuta za sponji na dirisha dogo la kioo, na mpimaji, dada mmoja mpole, akanivisha hedifoni. Nyekundu kulia, buluu kushoto. Mbaya kuliko zote nilizowahi kuvaa: plastiki tupu, inabana kichwa kama kitanzi. Akanipa kitufe, akasema nibonyeze kila nikisikia mlio, hata ukiwa mdogo namna gani.

Mwanzoni nilibonyeza kama mwanafunzi hodari. Milio minene, rahisi. Kisha ikawa myembamba, kisha nikaanza kubahatisha. Kisha kukawa kimya. Nilidhani ameenda kuchukua kitu. Nikageuka kidogo na kumwona kupitia kioo, yupo palepale, kidole chake kiko kwenye mashine, na kila akikandamiza, taa ndogo inawaka. Iliwaka, ikazima, ikawaka. Alikuwa akiniita. Mimi nilikuwa nimeketi pale na kitufe mkononi, katika kimya kile, nikitazama taa.

Alinionyesha karatasi. Mstari ulianza juu vizuri, kisha ukashuka kama barabara inayoteremka kwenda mtoni Chania, bila kupumzika.

"Ni hizi hedifoni, si ndiyo?" nikamwambia. "Niko nazo kumi na nne. Nimesikiliza vibaya, sauti juu, miaka mingi." Nilikuwa namsihi. Nilitaka sana liwe kosa langu.

"Kelele mara nyingi huacha shimo mahali pamoja kwenye huu mstari, baba," akasema. "Yako inateremka tu, masikio yote mawili sawasawa. Kuna mtu mwingine kwenu yuko na shida ya kusikia?"

"Babangu. Lakini yeye alifanya kazi na mashine, kiwandani."

"Na wewe umefanya kazi na mashine?"

Mimi ni karani. Mashine yangu kubwa ni ile ya kubana karatasi.

Akaweka kalamu chini. Kisha akauliza, kwa sauti ya kawaida tu, "Uko na watoto?"

Nilifika nyumbani saa kumi hivi. Mke wangu hakuwa amerudi kutoka kazini. Binti yangu alikuwa sebuleni na vitabu vyake, televisheni ikiwa juu, na sikumkemea. Niliizima. Nikamwuliza kama anataka tucheze mchezo wetu, akaruka mwenyewe kuchukua ile hedifoni ya waridi kwenye msumari wa chini.

Nilimrekebishia mkanda kichwani. Kisha nikafanya jambo ambalo sijawahi kumfanyia: niliisogeza rekodi mbele, nikapita chai yote, nikapita baba akitua kikombe, mpaka pale mama anapoanza habari za mbuzi. Kuanzia hapo hadi mwisho ni mvua na mama. Kijiko hakimo.

Nikabonyeza.

Alifunga macho. Nilimtazama usoni, nikiomba akunje uso, aniulize kijiko kiko wapi, aniambie Dadi umekosea. Mama alizungumza mpaka akamaliza. Binti yangu akainua kidole, akatabasamu kama anavyotabasamia wageni.

"Tisa, halafu mbili!"

Akafumbua macho na kuningoja nimpigie makofi.