Mguu wa Chaki

Juzi nilipita shuleni kwetu, nje kidogo ya Bariadi, kumwandikisha mtoto wa dada. Darasa letu limevunjwa, pamejengwa jipya. Nilisimama pale nikacheka peke yangu. Usinione hivi, pale nimewahi kuwa staa!

Mwalimu wetu wa sayansi alitaka siku ya wazazi tuwe na meza ya watoto wadogo: mtoto akanyage tope, tumimine uji wa unga wa kutengenezea chaki kwenye alama, ukikauka aondoke na mguu wake mweupe. Sisi ndio wa kuijaribu. Tukajaza udongo mweusi wa mbuga kwenye foma za mbao za kufyatulia matofali. Loo, udongo ule unavyonata! Ukinyanyua mguu, unanyanyuka nao. Tulivyovitoa vilikuwa viazi, si miguu. Mwalimu mkuu akapita, akasema, "Kesho nisipoona mguu wenye vidole, meza nawapa darasa la sita." Iliniuma, maana hatukuwa na kingine cha kuonyesha.

Sasa bibi yangu hakutaka kabisa kuona mtoto amepauka. "Unataka watu waseme hatuna mafuta?" Kila asubuhi alinipaka mafuta ya pamba toka utosini hadi nyayoni, nanukia kama kikaango. Shuleni waliniita Chipsi.

Kesho yake wenzangu walikanyaga, viazi tupu. Zamu yangu ikafika. Nikanyanyua mguu, tope likabaki palepale, vidole vyote vimejichora, hadi mikunjo ya unyayo! Mwalimu mkuu mwenyewe alisubiri uji ukauke.

"Chipsi! Chipsi!" darasa zima lilipiga kelele, na siku hiyo jina nililipenda.

"Umepaka nini wewe?" mwalimu wetu wa sayansi akauliza.

"Mafuta ya pamba, mwalimu."

Siku ya wazazi tuliweka bakuli la mafuta mezani, kila mtoto anapakwa kwanza. Foleni ilizunguka darasa. Bibi naye alivua kandambili akakanyaga, huku akishukuru kwa Kisukuma, "wabeja", kwa kila aliyempigia makofi.

Bibi hayupo tena, wala foma zile sijui ziliishia wapi. Mguu wangu ulikaa dirishani hadi muhula uliofuata, chaki zikaisha shuleni. Mwalimu akauchukua, akaanza kuandikia kidole gumba. Tulijifunza kugawanya kwa mguu wangu, mpaka kisigino kikaisha.