Bangili Iliyogoma Kwenye Vifundo vya Vidole

"Dhahabu si kazi ya mtu wa kuziba masufuria." Aliyesema hivyo ni fundi wa saa, jirani yangu pembeni mwa soko la Toi, ambaye aliwahi kufagia duka la sonara mjini akarudi akijiona sonara mwenyewe. Mimi nilikuwa mwanamke wa mtaa wa mabanda wa Kambi Muru, nimerithi kazi ya kulehemu kwa baba yangu, na ulimi wangu haukuwa na breki. Nilimwambia ashughulike na saa zake, zile zinazochelewa.

Mwenye dhahabu alikuwa mama wa Kawangware, mtu wa kutoka magharibi mwa nchi kama mimi, aliyekuwa akifulia watu nguo Lavington. Baada ya watoto wanne, yeye na mumewe walikuwa wanabariki ndoa yao kanisani. Pete hakuitaka. Alisema vidole vinavyoshinda kwenye povu la nguo za wenyewe havikai na pete. Alitaka bangili, na mumewe amvishe mbele ya watu wote. Akanipa hereni mbili za marehemu mama yake, dhahabu pekee waliyowahi kuwa nayo kwao, na vito vitatu vyekundu ambavyo kaka yake alivipata machimboni Taita. Nikiviharibu, hakuna vingine.

Nilimpima kama tunavyopima sote: kidole gumba kimekunjwa ndani ya kiganja, uzi unazungushwa kwenye vifundo vya vidole, maana bangili isiyofunguka lazima ipite hapo kwanza. Nikasokota waya wa shaba nyekundu na wa shaba njano, nikaugonga ukawa bapa, nikatandaza dhahabu juu yake, nikavibana vito kwa meno madogo. Ilipendeza hadi nikaogopa kuishika.

Ijumaa mchana, mkesha wa harusi, akaja kuichukua, ametembea juani kutoka Kawangware na kikapu cha viazi vya harusi. Bangili ikagoma kwenye vifundo. Tukapaka sabuni. Ikagoma tena, na ikamchubua ngozi. Hapo ndipo nilipokumbuka kwamba siku ya kumpima alikuwa ametoka kufua, mikono imeshinda kwenye maji baridi, imesinyaa. Nilipima mikono ya kazini, na harusini angekuja na mikono yenye joto. Nilijichukia.

Fundi wa saa akasogea. "Ukirudisha hiyo kitu kwa moto, mawe yatapasuka. Ukiyatoa, hiyo dhahabu nyembamba itararuka. Mwambie tu akaombe pete ya mtu."

Mama hakulia. Aliniuliza tu, "Sasa itakuwaje, dada?"

"Nipe waru moja," nikamwambia, nikionyesha kikapu chake cha viazi. "Ile kubwa."

Yeyote aliyewahi kuchoma kiazi anajua kwamba nje huungua wakati ndani bado kibichi. Nikachomeka upande wenye vito ndani ya kiazi mpaka vikapotea. Nikaikata bangili upande wa pili kwa msumeno mdogo, nikaingiza kipande cha shaba chenye upana wa punje ya maharagwe. Kisha nikapuliza moto wa taa kwa mrija, mashavu yamejaa, macho yananitoka. Kiazi kikatokota, kikatoa mvuke, kikanukia chakula. Lehemu ilipoyeyuka na kushika, nikaacha. Sikuitumbukiza majini, maana baridi ya ghafla hupasua vito. Niliingoja ipoe yenyewe, na kungoja huko ndiko kulikonitesa kuliko kazi yote.

Nikapasua kiazi. Vito vitatu, vizima, vimepakwa wanga. Fundi wa saa akainama, akavitazama kimoja kimoja, akarudi kwenye saa zake. Nilifurahi kupita kiasi na sikuficha.

Kesho yake nilikaa benchi la nyuma, katika kanisa ambalo hata si langu. Mume, mpakiaji wa magunia, akaishika bangili kwa vidole viwili, akaisukuma. Ilifika kwenye vifundo ikasita kidogo. Kisha ikapita. Mama akainua mkono juu ili hata sisi wa nyuma tuuone. Mchungaji alikuwa bado anasoma, lakini mimi nilishapanda juu ya benchi nikipiga vigelegele, kwanza peke yangu, kisha na kanisa zima.