Lori la Madow Lilipoacha Moshi

Siku lori langu lilipopita kipimo cha moshi, nilichinja mbuzi.

Wiki mbili baadaye nilikuwa kando ya barabara ya Griftu nachoma tairi bovu, mchana kweupe, namwomba Mungu ule moshi uonekane mbali.

Usinicheke kwanza. Soma mpaka mwisho.

Ni mwaka wa tisini na sita. Naitwa Nunow, mtu wa Garissa, mtaa wa Waberi, dereva wa lori kuukuu la mzee Dubow. Rangi yake ilikuwa kijani, lakini watu waliliita Madow, yaani mweusi kwa Kisomali. Sababu ni moshi. Hata likiwa tupu, ukikanyaga mafuta kidogo tu, linatapika moshi mzito unaosimama juu kama mnara wa msikiti.

Mimi nilikuwa naona aibu. Mjini wauza chai wakiniona naja wanafunika birika. Madereva wenzangu wananiuliza kama napika au naendesha.

Lakini huko porini ilikuwa habari nyingine.

Ile nchi ni tambarare. Mtu aliye na mbuzi wake mwendo wa saa nzima kutoka barabarani anaona vumbi, na vumbi ni la kila gari. Moshi mweusi juu ya vumbi ulikuwa wa Madow peke yake. Wakiuona wanajua ni Nunow, wanakuja barabarani na madebe yao ya maziwa, na wagonjwa wao. Nikifika nawakuta wameshakaa wananingoja.

Dada yangu Rukiyo alikuwa huko. Mume wake alikuwa amepeleka ngamia mbali kutafuta majani, yeye amebaki na mbuzi na mimba ya miezi minane.

Mimba ya kwanza ilikuwa karibu imuue. Mtoto alikwama siku mbili, akatoka amekufa. Daktari wa Garissa alimwambia wazi, ya pili usizalie porini, utakufa.

Safari moja nilipomkuta barabarani, nilimwambia twende sasa hivi. Akakataa.

"Abowe, mbuzi nimwachie nani? Ngoja mamake Amran arudi kutoka kisimani, atawashika." Abowe ni kaka. Amran ni wifi yake. "Safari ijayo nitakuwa tayari."

"Nitakupata wapi? Nyinyi kila siku mnahama."

Akacheka. "Wewe hupotei. Nikiona moshi wako unatoka upande wa Griftu, nakuja kwenye tangi bovu. Nisubiri hapo."

Tangi bovu ni tangi la maji la zamani kando ya barabara, limetoboka. Tukakubaliana hivyo.

Nikarudi Garissa nikakuta habari mpya. Shirika la msaada lililotupa kazi ya kubeba unga lilikuwa limetoa amri. Lori lolote linalotoa moshi mweusi halipakii tena. Mtu wao atakuja na kitambaa cheupe, atakiweka kwenye bomba la moshi, dereva atakanyaga mafuta mara tatu. Kitambaa kikitoka cheusi, kazi imeisha. Na watarudia kila baada ya miezi mitatu.

Nikalipeleka lori kwa fundi wetu, Guleid.

"Warya, hiyo ni kazi ya dakika tano," akasema. "Kuna skrubu hapa kwenye pampu ya dizeli. Nakaza, mafuta yanapungua, moshi unapotea. Ukishapimwa nalegeza, Madow wako anarudi vile alikuwa. Wote wanafanya hivyo."

Hapo ndipo nilipojifanya mtu mwema.

Nikamwambia sitaki udanganyifu. Weka nozo mpya za kupulizia mafuta kwenye injini, pima pampu vizuri, badilisha chujio la hewa. Nataka liwe safi kweli. Mzee Dubow akakubali. Kazi ikachukua wiki nzima, na mimi nikakaa pale nikipaka bampa rangi nyekundu.

Siku ya kipimo kitambaa kilitoka cheupe pe. Yule mtu wa shirika akanipa mkono mbele ya madereva wote. Nilifurahi, sitakudanganya. Mbuzi tulimla pale pale gereji.

Nikapakia, nikaenda Griftu, nikashusha unga, nikageuza. Ilikuwa Alhamisi. Juu walikaa askari wawili wa kutulinda, maana majambazi walikuwa wengi njia ile. Lori linakwenda vizuri, kioo cha nyuma hakina hata ukungu. Naimba peke yangu.

Nikafika tangi bovu. Hakuna mtu.

Hakuna debe la maziwa, hakuna mgonjwa, hata mbwa. Kwa miaka mitano sijawahi kukuta pale patupu.

Nikapiga honi. Nikangoja, nikapiga tena. Nikapanda juu ya lori, naangalia huku na huku, naona vichaka tu.

"Dere, nusu saa imeisha," mmoja wa wale askari, koplo, akasema. "Hapa watu walipigwa risasi juzi. Washa gari."

"Dada yangu ana mimba, afande. Dakika kumi tu."

"Basi dakika kumi."

Zikaisha. Ningemtafuta wapi? Upande gani? Nikajiambia labda wamehama kuelekea Balambala, karibu na mto, labda ameshapata gari lingine. Mtu akikosa la kufanya hujiambia mengi. Nikawasha gari.

Mahali fulani kabla ya Garissa, nikiangalia kile kioo safi, ndipo nilipoelewa. Niliachia mafuta, lori likapunguza mwendo mpaka koplo akagonga paa kuniuliza kama nimelala.

Siku ile ile niliomba nirudi. Mzee akasema bila mzigo hakuna askari, na bila askari hakuna lori linalotoka. Wiki nzima nikazunguka mjini kama mtu aliyepoteza mtoto sokoni.

Alhamisi iliyofuata nilikuja na tairi bovu. Nikalimwagia dizeli pale kwenye tangi, nikaliwasha. Moshi ukapanda, mweusi, mnene, kama wa zamani.

Haikuchukua muda. Watu wakaanza kutoka vichakani, upande huu na upande ule, nikahesabu kumi na mmoja. Mzee mmoja akaniuliza Madow alikuwa mgonjwa wapi siku zote hizi.

Halafu nikamwona Rukiyo, anatembea mwenyewe, ameshikwa na Amran. Nikamshukuru Mungu kwa sauti.

Alipokaribia nikaona hana tumbo. Nikaangalia mgongo wa Amran. Hakuna kitu.

"Mtoto yuko wapi?"

"Tulimzika Jumatatu," Rukiyo akasema. "Mvulana. Alikwama kama yule wa kwanza."

"Abayo, dada yangu, nilikuja. Wallahi Alhamisi nilikuja. Nilisimama hapa hapa nikapiga honi."

Rukiyo akageuka kuliangalia lori.

"Ilikuwa wewe?"

Nikaitikia kwa kichwa.

"Tuliliona lile gari," akasema. "Tulikuwa mbali kule vichakani, honi haifiki, nimeshafunga nguo zangu. Vumbi likaja, likasimama, likakaa sana. Amran akasema twende. Mimi ndiye niliyekataa. Nikamwambia huyo si Nunow, Nunow ana moshi, na gari la mtu usiyemjua siku hizi ni la kuogopa. Nikawaonea huruma hata. Nikasema maskini, huyo wanayemngoja amechelewa."

Nilikaa chini kwenye mchanga.

Tulimfikisha hospitali, akapona. Mtoto mwingine hakupata tena. Baada ya miezi mitatu kitambaa kikaja, kikatoka cheupe, nikapewa mkono tena.

Siwaambii mwendeshe magari ya moshi. Moshi ule ni sumu, na kazi ya Guleid ilikuwa nzuri. Nasema tu, kabla hujaondoa kitu, hata kiwe kibaya namna gani, uliza ni nani alikuwa anakitegemea, umfikishie habari mapema.

Mimi nilikuwa na wiki nzima ya kuuliza. Niliitumia kupaka bampa rangi.