Siku Jirani Yetu Alipowahutubia Wazazi

Juzi nilirudi nyumbani Musanda, mpwa wangu akaniuliza maana ya neno la Kiingereza "address". Rafiki yangu, kabla sijamjibu nilikuwa nimemkumbuka msichana wa jirani yetu.

Miaka ile ya tisini tulisoma naye darasa la nane. Alikuwa na kigugumizi. Akija kuomba chumvi, nyanya yangu alikuwa akimpa kabla hajamaliza kusema. Na babake alikuwa ameshatangaza kwamba darasa la nane linamtosha, baadaye atapalilia miwa.

Siku moja mwalimu wa Kiingereza aliandika neno hilo ubaoni, akauliza maana. Tukapiga kelele: sanduku la posta! Akacheka. Kweli, akasema, lakini pia ni hotuba rasmi, na ni kusimama ukawahutubia watu. "Na msiniwekee 'to' hapo. You address parents, basi." Kisha akamgeukia jirani yetu: "Siku ya kufunga shule, wewe ndiwe utakayewahutubia wazazi."

Tukadhani anamdhihaki.

Jioni nilikuwa nikichambua mboga ya mrenda na nyanya, harufu ya sukari guru inayochemshwa ikitujia kutoka bondeni, nasi tukimsikia msichana yule akijizoeza nyuma ya jiko lao. Neno moja, kimya, neno lilelile tena. Nyanya alikuwa akisema, "Mwacheni. Mtoto huanguka ndipo atembee."

Siku ikafika. Wazazi waliketi nyasini, msichana akasimama mbele yao.

"Wa-wa-wa..."

Watu wakacheka. Babake akainamisha kichwa. Msichana akamtazama mwalimu. Mwalimu hakumsaidia, alikunja mikono tu akangoja. Msichana akaanza upya, polepole, kwa Kiswahili ili kila mtu aelewe.

"Wazazi wetu. Mimi hu-huchelewa kusema. Si-sichelewi kuelewa. Baba, na-naomba nisome."

Hakuna aliyekohoa. Babake akainuka, akavua kofia.

"Nimesikia, mama," akamwambia bintiye. "Utasoma."

Vigelegele vikapasuka, nyanya akalia ndani ya leso yake. Na kweli msichana alisoma; leo yeye ni muuguzi.

Nyanya ametutoka. Mwalimu alihamishwa, hatujui alipo. Mitambo ya sukari guru ilishanyamaza. Siku hizi hata kwenye matanga kuna vipaza sauti, na anayesema hukatizwa kabla hajafika mwisho. Sijaona tena umati mzima wa watu ukinyamaza, ukingoja neno moja litoke kinywani mwa mtoto.