Nzi Waliochomwa Tabata

Kampuni ya chai niliyoifanyia kazi ya ukarani ilipohamishia ofisi yake Dar es Salaam, wenzangu walishangilia. Mimi nilienda mtoni nikavua mpaka vidole vikafa ganzi.

Kwetu Rungwe mito ni ya baridi, na ndani yake wamo trauti, samaki wa madoadoa ambao Wazungu wa mashamba waliwapandikiza zamani. Baba yangu, dereva wa shamba la chai, alijifunza kuwavua kwa namna yao: fimbo nyembamba, mshipi mzito unaorushwa hewani nyuma na mbele, na mwishoni ndoana ndogo iliyofungwa manyoya na nyuzi mpaka ikafanana na mdudu. Chambo hakuna. Hivyo vidude tuliviita nzi. Kaka zangu walichoka upesi, nikabaki mimi.

Siku ya kuondoka baba alinipa kopo lake la nzi. Macho yake yalikuwa yameingia ukungu, na wote wawili tulijua kwamba hatafunga wengine.

"Kavue huko," akasema. "Mji wenyewe uko baharini, utakosaje maji?"

Nilipata chumba Tabata, katika nyumba ya wapangaji wanne wenye ua mmoja. Niliuchukia mji ule tangu wiki ya kwanza. Joto lilikuwa linakaa chumbani kama mtu aliyekataa kuondoka. Muziki wa jirani ulitikisa vikombe vyangu. Nikisema neno, watu wanacheka lafudhi yangu. Nikinyamaza, naambiwa naringa.

Jumamosi moja nilimwuliza mwenzangu wa ofisini mto uko wapi. Akanielekeza Vingunguti. Nikaenda na fimbo yangu ndani ya mfuko wa nguo, nikasimama juu ya maji meusi yaliyokuwa yanasukuma chupa na mifuko, na harufu ya machinjio ikiwa imelala juu yake. Kijana mmoja akaniuliza natafuta nini. Nikamwambia samaki. Alicheka mpaka akachuchumaa.

Sikurudi mikono mitupu. Pale machinjioni niliomba ncha ya mkia wa ng'ombe, kwa sababu singa zake zinafaa kufungia nzi wakubwa wa baharini. Kama mto haupo, niliwaza, basi nitajaribu mkono wa bahari. Nikaibeba ndani ya gazeti, na damu ikapenya.

Mpangaji wa chumba cha mbele, mama mmoja aliyefuga kuku uani, alinikuta mlangoni nikiifungua.

"Mkia wa nini huo, jirani?"

"Wa kazi zangu."

Jibu baya. Nililijua kuwa baya lilipokuwa linanitoka, lakini alikuwa ameshaniuliza mengi mno tangu nihamie: kwa nini sijaolewa, kanisa langu lipi, kwa nini naokota manyoya ya jogoo wake. Ni kweli nilikuwa nayaokota. Jogoo yule alikuwa mwekundu wa kung'aa, na manyoya yake ya shingoni yalikuwa mazuri kuliko yoyote niliyowahi kuyafungia ndoana. Jumapili mchana nilikaa kizingitini nikifunga, nyuzi nyekundu mdomoni, na mama yule akipita na kurudi.

Halafu kuku wake wakaanza kufa. Shingo zilipinda, wakazunguka uani kama walevi, wakaanguka. Ni kideri; kwetu kila mtoto anakijua. Nilimwambia hivyo, nikamwambia pia kwamba angewachanja. Akayatazama manyoya yaliyokuwa kizingitini kwangu. Jogoo alikufa wa mwisho.

Siku iliyofuata nilirudi kutoka kazini nikakuta watu wamejaa uani. Kitasa changu kilikuwa kimevunjwa. Kopo la baba lilikuwa juu ya kigoda, wazi, na mama wa kuku amesimama kando yake akihema. Mama mwenye nyumba alikuwepo, na mjumbe wa mtaa, mzee mwenye kofia ya mkono.

"Shikamoo," nikamwambia mjumbe.

"Marahaba. Haya, binti, tueleze. Hivi ni vitu gani?"

"Ni nzi."

Watu wakaguna. Mjumbe akainua mkono.

"Nzi?"

"Wa kuvulia samaki, mzee. Manyoya tu, na uzi."

"Manyoya ya jogoo wangu!" mama wa kuku akapaza sauti. "Na singa, na uzi mwekundu! Nyie watu wa bara mnatuletea mambo yenu hapa!"

Yeye mwenyewe alikuwa amezaliwa Singida.

Mjumbe alikuwa mtu wa haki, kwa namna yake. Akasema nioneshe basi jinsi ya kuvua, watu waone. Nikaunganisha fimbo, nikatoka nao hadi uchochoroni. Nikarusha. Mshipi ukafunguka nyuma yangu, ukaja mbele taratibu juu ya vichwa vyao, nzi akatua juu ya jani moja la mpapai. Ulikuwa mrusho mzuri. Baba angenipiga bega. Lakini watu walirudi nyuma. Mama mmoja alimvuta mwanawe ndani. Simu zilikuwa zimeinuliwa, zinarekodi.

"Mmeona?" mama wa kuku akasema. "Hana hata chambo. Samaki gani anakuja kwa unyoya?"

Nikageuka kumjibu, nikanusa mafuta ya taa. Mumewe alikuwa amebaki uani. Nilipofika, kopo lilikuwa linawaka. Nilitia mkono, nikaungua, mama mwenye nyumba akanivuta kwa gauni. Manyoya huungua haraka. Zilibaki ndoana, nyeusi, zimeshikana.

Nilimtukana yule mwanamume tusi ambalo sijawahi kulisema tena. Mjumbe akasema yaishe. Mama mwenye nyumba akanifuata chumbani, akakaa kitandani kwangu.

"Mwanangu, mie sikuiti mchawi. Ila nyumba ikishasemwa, wapangaji wanakimbia. Tafuta kwingine."

"Na waliovunja mlango wangu?"

"Wao wana watoto."

Nilihamia Mtoni, upande wa Temeke, karibu na mkono wa bahari unaoingia kwenye mikoko. Baba nilimwambia kwa simu kwamba nzi wake nimewatunza, maji ya chumvi yasije yakawaharibu. Akasema nimefanya vizuri.

Nilifunga nzi wapya kwa singa za mkia ule, ambao wale wa Tabata hawakuuona kwa sababu ulikuwa chini ya godoro. Nilifunga nimejifungia, dirisha na pazia, jasho likidondokea uzi. Maji yakijaa asubuhi nilikwenda kusimama topeni. Wanaume waliovua kwa mishipi ya mkono hawakunipenda hata huko.

"Sista, mjeledi wako unafukuza samaki," mmoja akaniambia. "Nenda mbali."

"Mbali ni wapi? Maji ni yako?"

Nilikuwa nimeshajifunza kujibu kama wao. Nikabaki palepale, nikarusha wiki baada ya wiki bila kupata kitu, kwa ukaidi mtupu. Kisha asubuhi moja kolekole akaivamia singa ile kwa kishindo ambacho trauti hana. Mshipi ulinikata kidole. Alinikokota mpaka maji yakanifika magotini, nikamlaani, nikalaani Tabata yote kwa sauti, nikamvuta mpaka akalala ubavu juu ya tope, ana rangi ya fedha, mdomo wazi. Yule aliyeniambia niende mbali alikuja kumtazama. Akaushika mdomo wa samaki, akaitazama singa ile, akatikisa kichwa.

"Utanigawia kipande?" akauliza.

"Hapana," nikasema.

Nilimkaanga mchana ule mlango ukiwa umefungwa. Harufu ilitoka, bila shaka, na jirani mpya akagonga akisema harufu hiyo imeshamkaribisha chakula. Sikuitika. Nilikaa sakafuni na sinia mapajani, nikala mpaka kichwa, peke yangu.